Jini wa Kona na Hadithi Nyingine za Barabara ya Tabora

Panda basi la Nzega kwenda Tabora, kaa nyuma ya dereva, kisha tega sikio. Kabla hamjafika stendi utakuwa umeelezwa chanzo cha kila ajali nchini. Bila shaka hadithi hizi umeshazisikia.

"Pale pana jini."
Si kweli. Lakini usiwacheke wanaosema hivyo, maana hesabu yao iko sawa: magari tofauti, madereva tofauti, yanaanguka palepale kila mwaka. Mhandisi akisikia habari hiyo haiti mganga. Anauliza kama kona imefichwa na kichaka, kama bega la barabara limeliwa na maji, kama abiria wanashushwa mahali wasipoonekana. Huko ndiko jini anakoishi.

"Barabara ikinyooka, ni salama."
Si kweli. Njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilijipinda ikifuata vijiji na maji. Lami ya leo inaupasua msitu wa miombo kama rula, na dereva akishazoea mwendo mkali anajiona anatambaa. Kibao cha 50 kinamkuta kijijini akiwa bado na mguu wa porini, na mbele yake kuna baiskeli ya mkaa, mkokoteni wa ng'ombe na watoto wanaotoka shule. Kibao peke yake hakimtoshi. Barabara yenyewe ibadilike inapoingia kijijini: ibanwe, iwekwe rasta na kisiwa katikati, na waenda kwa miguu wapewe njia yao.

"Matuta ni usumbufu tu."
Si kweli, ingawa tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa alama usiku ni mtego. Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi. Watoto walioumia barabarani walipungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI. Matuta, jamani!

"Wa kulaumiwa ni dereva."
Nusu kweli. Anakosea, na kesho atakosea tena, kwa kuwa ni binadamu. Tangu 1997 Sweden inajenga barabara ikijua hivyo, ili kosa la sekunde moja lisiwe hukumu ya kifo.

"Haraka haraka haina baraka."
Kweli tupu. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Nawe piga hesabu: kilomita 2 za kijiji kwa mwendo wa 80 badala ya 50 zinakuokolea sekunde 54. Hata kahawa haijapoa.

"Wazee wa misafara hawakujua usalama wa njiani."
Si kweli hata kidogo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirangozi, kiongozi wa msafara. Mpagazi aliyethubutu alitozwa faini, na mshale mmoja ulichomolewa kwenye podo lake ili wakifika kambini asiweze kukana. Sheria ya kuovateki hiyo, kabla ya lami, kabla ya tochi. Trafiki wa Tabora wasije wakaanza kukusanya mishale.