Kabla Hujamtaja Jirani

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni tamu mdomoni, lakini sisi akina mama wa Kipili tumeona jinsi inavyoweza kumtoa mtu nyumbani kwake.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka kadhaa iliyopita. Mtoto wa miaka mitatu wa mwenzetu mmoja katika kikundi cha akina mama wa kanisa alishikwa na homa usiku. Kulipokucha akapata degedege. Bibi yake akasema ugonjwa huo si wa hospitali, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Wakampeleka kwanza kwa mganga. Walipomleta zahanati, jua lilikuwa limezama na mtoto hana fahamu. Alifariki kabla ya kupambazuka.

Sisi wauguzi tuliokuwa zamu tulisema neno moja tu, "Mmechelewa." Tukamfunika mtoto, tukamgeukia mgonjwa mwingine. Hatukukaa na mama yule kumweleza mwanawe amekufa kwa nini.

Siku chache baada ya mazishi, jibu alilolikosa kwetu alilipata kwingine. Tulikuwa ufukweni tunaanika dagaa tuliposikia jina likinong'onwa. Lilikuwa jina la bibi mjane, jirani yao, mwenye macho mekundu. Watu walikumbuka kwamba wiki ile aliomba chumvi nyumbani kwa marehemu, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Muda si mrefu vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha za kuwaita lambalamba, yaani wale wanaojidai kufichua wachawi. Wakafika na kwenye kikundi chetu.

Wasomaji wapendwa, kabla hatujawaambia tulifanya nini, tuangalie kwanza mambo haya yalikotoka. Si mapya, na hayakuanzia kwetu peke yetu.

Jina la mji wetu

Ukisema mbele ya wageni kwamba unatoka Rukwa, utani wa uchawi na radi huanza papo hapo. Wazee hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Kama ndivyo, basi jina hilo si sifa ya uchawi. Ni agizo kwa kila anayeingia mjini kuuacha mlangoni.

Zamani, katika sehemu nyingi za kusini-magharibi mwa nchi yetu na nchi za jirani, mtu aliyeshtakiwa uchawi alinyweshwa mwavi, sumu itokanayo na gome la mti. Akitapika alihesabiwa hana hatia. Asipotapika alikufa, na kifo chake kikawa ndio ushahidi. Wakoloni walipiga marufuku jambo hilo. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, kisha nyingine mwaka 1928, ambayo pamoja na marekebisho yake ingalipo katika vitabu vya sheria vya Tanzania. Lakini kuondoa mwavi hakukuondoa hofu. Watu wengi walinung'unika kwamba sasa serikali inawakinga wachawi. Njia ya zamani ilifungwa, na maswali ya wafiwa yakabaki bila pa kwenda.

Vijana wa Mchape na Kamchape

Katika miaka ya 1930 walitokea vijana kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, walioitwa Mchape. Walivaa nguo za kizungu, wakawapanga wanakijiji mistari na kuwatazama katika kioo ili kumtambua mchawi. Waliotajwa walisalimisha pembe na hirizi zao, na watu wakanywa dawa iliyosemekana kuwaua watakaorudia uchawi. Walienea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na wakafika mpaka Ufipa.

Kwa nini wakati ule? Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa imepunguza kazi kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani, na wanaume wakarudi vijijini mikono mitupu huku kodi ikidaiwa vilevile. Nzige wekundu nao walianza kuharibu mazao mwaka 1930, na pigo hilo halikwisha mpaka mwaka 1944. Bonde la Ziwa Rukwa ni moja ya sehemu wanakozaliana nzige hao. Watu walikuwa na njaa, madeni na maswali.

Mtafiti mmoja Mwingereza, mama Audrey Richards, alizichunguza pembe zilizosalimishwa kwa Mchape huko Rhodesia ya Kaskazini. Katika pembe 135, ni 11 tu ambazo watu wote walikubaliana kuwa zilikuwa za kudhuru. Zilizobaki karibu zote zilikuwa dawa za kawaida, kama zile ambazo bibi zetu huweka juu ya dari.

Miaka thelathini baadaye, 1963 na 1964, vijana wengine walipita Ufipa kwa jina la Kamchape. Mtafiti Roy Willis, aliyekuwa akiishi kati ya Wafipa wakati huo, aliandika habari zao mwaka 1968. Aliona kwamba wengi wa waliotajwa walikuwa wanaume wazee wenye sauti kijijini, na waliokuwa mstari wa mbele kuwataja ni vijana.

Tazameni tena miaka hiyo. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini kote, na hapa kwetu zikaondoka enzi za Nkansi na Lyangalile. Aliyekuwa akiamua ugomvi wa mashamba hakuwa tena na kiti, na aliyechukua nafasi yake alikuwa bado hajazoeleka. Vijana walitaka nafasi, wazee hawakutaka kuitoa. Ugomvi wa namna hiyo haukuwa na baraza, ukapata Kamchape. Polisi waliwakamata baadhi ya wakuu wa kundi hilo, lakini jina halikufa. Katika miaka hii ya 2020 limesikika tena mkoani Kigoma.

Hata Uingereza ilikuwa hivyo

Pengine mtu atasema hizi ni shida za Waafrika. Hapana. Uingereza ilikuwa na sheria za kuwanyonga wachawi tangu mwaka 1563, na mwaka 1604, chini ya Mfalme James, zikakazwa zaidi.

Mwaka 1645, katika mji mdogo wa Manningtree, jimbo la Essex, mke wa fundi cherehani aliugua. Mumewe akashuku uchawi, na jina lililotajwa likawa la Elizabeth Clarke, kikongwe maskini mwenye mguu mmoja. Walimlinda usiku kucha kwa siku kadhaa bila kumwacha alale, mpaka akakiri na kuwataja wengine. Alinyongwa mwaka huo huo. Kijana aliyesimamia mambo hayo, Matthew Hopkins, alijifanya mtaalamu wa kufichua wachawi. Alizunguka mji hadi mji akilipwa, na katika muda wa miaka miwili hivi watu wapatao 100 waliuawa.

Huko nako, tuulize, kwa nini wakati ule? Tangu 1642 Mfalme na Bunge walikuwa vitani. Majaji hawakusafiri kama kawaida, wanaume walikuwa jeshini, chakula kilikuwa ghali, na Wakristo walishukiana wao kwa wao kwa ajili ya dini. Maskini waliobisha hodi kuomba walinyimwa, na aliyewanyima, mtoto wake akiugua, dhamiri yake ilimkumbusha yule aliyeondoka akinung'unika. Hata wahubiri walitumia Maandiko, hasa Kutoka 22:18, kuhalalisha kitanzi. Sheria zile zilifutwa mwaka 1736.

Je, hamwoni kwamba bibi wa Manningtree na bibi wetu wa Kipili wangetambuana? Mmoja alikuwa na mguu mmoja na mwingine macho mekundu. Wote wawili hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Ukitafuta mchawi, tazama kwanza kilichobadilika

Nchini kwetu, taarifa za serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 walikufa Tanzania Bara katika matukio ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ilikuwa Usukuma. Mtaalamu wetu Simeon Mesaki, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba haliwezi kutengwa na mabadiliko ya nyakati hizo, kama vile watu kuhamishiwa katika vijiji vya pamoja, ambako waliokuwa wakiishi mbalimbali walijikuta ukuta kwa ukuta.

Biblia inatufundisha jambo hilo hilo katika habari ya Nabothi, 1 Wafalme sura ya 21. Mashahidi wa uongo walimshtaki kwamba amemlaani Mungu na mfalme, akapigwa mawe. Lakini sote tunajua shida haikuwa maneno yake. Shida ilikuwa shamba lake la mizabibu.

Tulichofanya, na tulichoshindwa

Sasa turudi Kipili. Vijana walipofika kwenye kikundi chetu tulibishana sana. Wengine tulisema hatutoi hata senti. Lakini vijana walisema asiyechanga ndiye mwenye cha kuficha, na baadhi yetu, tunakiri kwa aibu, tulitoa. Hata tuliokataa tulikataa kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wala polisi, wala kwa padre.

Lambalamba walikuja. Wakatoa pembe katika nyumba ya yule bibi, wakamnyoa nywele mbele ya watu na kumchanja chale. Alfajiri alipanda mtumbwi kwenda kwa binti yake. Msimu uliofuata shamba lake la kando ya mto lililimwa na wapwa wa marehemu mumewe, kisha likauzwa kwa mfanyabiashara. Hapo ndipo tulipoelewa ni nani waliokuwa wa kwanza kulitaja jina lake.

Mwishowe tulimwendea mama wa mtoto. Tulikaa naye jamvini, tukamweleza tulichopaswa kumweleza usiku ule: kwamba malaria kali hupanda kichwani, kwamba ndiyo iliyoleta degedege, na kwamba si uzembe wake wala mkono wa mtu. Alilia, kisha akauliza, "Mbona hamkuniambia siku ile?" Hatukuwa na jibu.

Wawili kati yetu walisafiri naye kwenda kumwomba bibi msamaha. Aliwapokea, akawapikia uji. Lakini Kipili hajarudi, na shamba halijarudi.

Kwa kila mama

Kutokana na hayo tumejifunza mambo machache, nasi tunawaomba myazungumze majumbani na katika vikundi vyenu.

Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpunguzie nguo, na umkimbize kituo cha afya moja kwa moja. Sindano haimuui. Kuchelewa ndiko kunakoua. Na ukifiwa, usiondoke kabla hujauliza sababu. Ni haki yako kujibiwa, na ni wajibu wetu wauguzi kukujibu kwa upole.

Macho mekundu ya bibi ni moshi wa kuni wa miaka sitini, au ugonjwa wa vikope. Mpeleke atibiwe.

Mzee akikutwa usiku uani kwa watu, amechanganyikiwa na hata hana nguo, yaelekea ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Mfunike, umrudishe kwake.

Radi hupiga kwetu mara nyingi kwa sababu tuko kwenye uwanda wa juu kati ya maziwa mawili, penye mawingu mazito ya mvua. Haitumwi. Mvua ya radi ikianza, toka ziwani na shambani, usijikinge chini ya mti, ingia ndani.

Mjane aandikiwe haki yake ya shamba mapema, mbele ya mashahidi na ofisi ya kijiji, mume angali hai. Ni vizuri kikundi kiwasindikize.

Na wachangishaji wakija, kataeni kwa sauti, tena kwa pamoja, na mtoe taarifa siku hiyo hiyo. Mwanamke mmoja akikataa ataitwa mchawi. Wanawake thelathini wakikataa, kijiji kitasikia. Hakuna sheria inayomruhusu mtu yeyote kumnyoa, kumpiga wala kumfukuza jirani yake.

Wenzetu, siku jina litakaponong'onwa ufukweni au kisimani, msiulize "Ni nani?" Ulizeni, "Mtoto aliumwa nini? Na shamba lile atalichukua nani?" Sisi tuliuliza tukiwa tumechelewa. Ninyi ulizeni mapema.