Likembe ya courant: mukuba yetu inarudi ikiimba

Saa moja ya jioni, commune ya Manika, courant imekatika. Njo mambo ya kila siku, hakuna aliyeshangaa. Katika parcelle ambamo tulialikwa, vijana walikuwa wamefunga ampli kwenye batterie ya motokari, wakapanga baffles mbili juu ya casiers za bia, wakaachilia muziki. Mzee mmoja, retraité wa Gécamines, akainua kichwa: «Bana, muzime iyo machine, itaungua!» Batu bote bakacheka. Haikuwa machine yenye kuharibika. Ilikuwa Konono No 1.

Tulikuja kusikiliza kidogo, kisha twende zetu. Tukabaki mpaka usiku, kwa sababu muziki ile inatuhusu siye batu ya Kolwezi kuliko tulivyofikiri.

Tuanze na jina. Kwa kirefu ni L'orchestre folklorique T.P. Konono No 1 de Mingiedi. T.P. ni Tout Puissant, kama vile kwa Mazembe yetu. Mwenye kuiunda, Mingiedi Mawangu, alikuwa Muzombo, wa upande wa mupaka na Angola. Alikuwa dereva wa camion, na alipiga likembe, ile ambayo wengi kwetu wanaiita kisanji: ubao, na juu yake vipande vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kule Kinshasa alikuta taabu moja. Likembe ina sauti ndogo. Mu mugini inatosha. Mu cité, kati ya motokari, bars na majirani, haisikiki. Weye mwenye kutumika karibu na concasseur, unajua namna sauti ya mutu inavyomezwa na makelele.

Mingiedi hakungoja mikro za Ulaya. Akazitengeneza mwenyewe. Alichonga ubao, akatia ndani yake sumaku alizotoa katika motokari zilizokufa, njo ile tunaita aimant. Kazi yake si ya uchawi, kila mufundi wa courant anaijua. Unachukua aimant, unaizungusha fil nyembamba ya mukuba mara nyingi sana, inakuwa bobine. Kipande cha chuma kikitetemeka karibu nayo, courant ndogo inazaliwa ndani ya ile fil. Ampli inaikuza. Mu baffle njia inageuka: courant inaingia mu bobine ya mukuba, bobine inasukuma karatasi, karatasi inasukuma hewa, na masikio yako yanapokea. Bila mukuba, hakuna sauti kati ya kidole cha mupigaji na sikio la mwenye kucheza.

Kwa kuimba walitumia lance-voix, zile za kuitia batu za wakati wa Babelgi. Kwa ngoma walipiga na vyuma vya kuokota. Ampli zilikuwa zinapasua sauti, lakini badala ya kulia juu ya ile kasoro, wakaifanya kuwa sehemu ya muziki. Njo maana mzee wetu alizani machine inaungua.

Mwaka wa 1978 radio ya Ufaransa, France Culture, iliwarekodi kule Kinshasa. Mubelgi mmoja, Vincent Kenis, aliwasikia, akakaa miaka mingi akiwatafuta. Disque yao Congotronics ikatoka mwaka wa 2004, na dunia ya muziki ya électronique ikashangaa: wale wenye ordinateurs na studio za bei kali walisikia sauti waliyokuwa wanatafuta, imetengenezwa na wazee, kwa vyuma vya kutupwa. Mwaka wa 2011, wimbo wa Herbie Hancock ambao Konono walishiriki ulipewa Grammy kule Marekani. Papa Mingiedi aliaga dunia mwaka wa 2015, na mwana wake Augustin akashika kazi.

Lakini disque si veillée. Nguvu ya muziki hii iko katika jioni yenyewe, batu wakiwa wamesimama mbele. Likembe tatu, ya sauti nene, ya katikati na ya juu, zinazunguka neno moja bila kuchoka. Hakuna karatasi ya kusoma. Mupigaji anabadilisha kidogo, anaangalia miguu ya wachezaji, anabadilisha tena. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi na zaidi, unaisha pale wachezaji na wapigaji wameshiba.

Katika ule mwaka wa 2011, Konono na Kasai Allstars walizunguka Ulaya na Japani pamoja na wanamuziki wa Marekani, Argentina, Suède na Ubelgiji, watu karibu 20 juu ya jukwaa moja. Kasai Allstars nao wametoka katika makabila matano: Songye, Lulua, Tetela, Luba na Luntu. Wale wageni, wenye guitares na synthétiseurs, walikuwa wakiuliza kila mara: moja iko wapi? Ni kusema, tunaanza kuhesabu ku pigo gani? Ile swali ikawa jina la disque yao, iliyotoka mwaka wa 2022. Siye tumezoea wageni wakuje kutufundisha. Kumbe kuna kazi ambamo wanakuja kuuliza.

Sasa turudi ku parcelle yetu yenye giza. Tangu mwaka wa 1982 kuna ligne ya courant inayotoka Inga mpaka hapa Kolwezi, kilometre 1 700. Inapita juu ya migini ambayo haina hata ampoule moja, kusudi migodi itumike. Na mukuba inatoka hapa kwa camions, pamoja na cobalt, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia nzima inachimbwa Kongo. Vinarudi ndani ya téléphones, batteries na baffles, na tunavinunua tena kwa feza ya jasho. Mutoto wa muchimbaji anajua bei ya kilo. Anaweza pia kujua namna ya kuifanya ile mukuba iongee.

Na hapa tuseme wazi kwa vijana: fil ya bobine si ile ya kukata ku nguzo. Ile inaua, na inazimisha quartier nzima. Motere zilizoungua ziko tele kwa wafundi wa rebobinage, na fil nyembamba ya ndani yake, kama haikuungua, inaweza kutumika kwa majaribio. Mama mwenye parcelle, ambaye mwana wake alikuwa na kisanji moja na bobine ya kujitengenezea, alituambia: «Mbele nilikuwa nasema, ni makelele tu. Sasa naona, wakati anazungusha ile fil, haendi ku carrière.» Hatukuwa na neno la kuongeza.

Ile bobine ya mwana wake tuliijaribu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili, muungurumo. Wakaisogeza karibu na vyuma, na mara ya tatu kisanji ikatoka mu baffle, yenye kukwaruza, lakini kubwa, mpaka majirani wakakuja ku lupango kuangalia. Mzee retraité akasogeza kiti karibu. Akasema: «Mi nilitumika myaka makumi tatu. Mukuba tulikuwa tunaituma tu. Leo njo mara ya kwanza naisikia inaongea.»

Saa tatu batterie ikaisha. Baffles zikanyamaza, kisanji ikarudi ku sauti yake ndogo. Hakuna aliyeondoka. Mzee akageuza casier tupu, akaanza kupiga juu yake na mikono, na vijana wakamufuata.