Jinsi ya Kumvua Kapi kwa Ndoana ya Manyoya

Ndugu Mkulima, kama bwawa la shamba lako lina samaki aina ya kapi, waweza kupata kitoweo bila wavu. Mvue kwa mshipi na ndoana iliyofungwa manyoya, ambayo wavuvi huiita nzi.

Kapi ni samaki mnene mwenye magamba makubwa na ndevu nne fupi mdomoni. Hula chini, akichimbua matope apate mabuu, minyoo na konokono. Hufyonza chakula, na kisichompendeza hukitema mara moja. Kwa hiyo mvuvi asiyekuwa macho hurudi mikono mitupu.

KUTENGENEZA NZI. Chukua ndoana ndogo iliyo imara. Izungushie waya mwembamba wa shaba ili izame. Kisha funga juu yake unyoya laini wa kuku kwa uzi wa kahawia, ifanane na buu. Kwa kuwa nzi ni mwepesi, hutupwa kwa uzito wa mshipi wenyewe. Basi tumia mshipi mnene, na mwisho wake uunge nailoni nyembamba isiyoonekana majini.

KUVUA. Nenda asubuhi, kabla upepo haujaanza. Nyata, kwa maana kapi husikia kishindo cha miguu ukingoni, na kivuli chako kisianguke majini. Tafuta mahali matope yanapotibuka na mapovu madogo yanapopanda: hapo anakula. Tupa nzi futi mbili mbele yake, wala si juu ya kichwa, umwache azame. Kapi akiinama au akigeuka kumfuata, inua ufito bila kuchelewa. Atakimbia kwa nguvu. Mwachie mshipi, kisha umvute kidogo kidogo anapochoka.

ANGALIA SANA. Kapi jike mmoja mkubwa hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Katika Ziwa Naivasha kapi walionekana mwaka 2001. Kufikia 2010 ndio waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa humo. Tena, wakichimbua matope huchafua maji na kung'oa mimea. Kwa hiyo zuia mahali bwawa lako linapofurikia mtoni wakati wa mvua, na usimpe jirani kapi hai bila kumwuliza afisa wa uvuvi wa kaunti. Ukitaka kuvua mtoni au ziwani, pata kibali kwanza.

Kapi uliyemvua mpeleke jikoni, usimpeleke mtoni.