Bulengera: habari ni mtaji, hesabu ni deni

Kabla ya kufungua mlango wa duka, mwenye biashara wa Bulengera hutaka kujua mambo matatu: barabara ya Kasindi imelalaje, dola imeamkia faranga ngapi, na kama kuna aliyetangaza ville morte, siku ya kufunga mji kwa mgomo. La kwanza huambiwa na dereva kwa simu. La pili hulipata kwa kambisti, mbadilisha fedha wa kando ya njia. La tatu humfikia usiku, kwa karatasi iliyopigwa picha na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hata ikikosa muhuri ataitii, kwa kuwa kufungua peke yako siku ya namna hiyo ni kujitafutia mawe.

Bulengera ni moja ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba. Mji wenyewe uko juu ya vilima, karibu sana na ikweta, katika kaskazini ya Kivu Kaskazini. Baridi yake ya asubuhi humshangaza mgeni anayetoka Kisangani. Watu wake ni wangapi hasa? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika 1984, na tangu hapo kila ofisi ina makadirio yake. Lakini idadi ya watu inaweza kubishaniwa bila soko kusimama. Soko la Bulengera husimama habari zinapokatika.

Mji uliojengwa kwa mfuko wa mfanyabiashara

Butembo ilianza kama kituo cha kampuni ya madini ya wakoloni, MGL, mwishoni mwa miaka ya 1920. Dhahabu haikuifanya Butembo kuwa mji mkubwa. Uliofanya kazi hiyo ni uchuuzi. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitatwaliwa na wananchi, sehemu nyingi za Zaire ziliishia na maduka matupu. Huku Wanande, wenyeji wa eneo hili, ambao walikwishazoea kupeleka mboga na maharagwe mbali, waliingia katika nafasi zilizoachwa na Wagiriki na Wabelgiji, wakazishika. Mtafiti Janet MacGaffey aliandika habari zao katika miaka ya 1980 na 1990 kama mfano wa uchumi unaotembea bila kusubiri serikali. Baadaye Timothy Raeymaekers alirudi kuuliza swali la pili: mfanyabiashara anapofanya kazi ya serikali, ni nani anayemwuliza hesabu?

Swali hilo lina mizizi. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Kikatoliki la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, alikuwa mmoja wa waliowahimiza matajiri na wakulima wachange kwa ajili ya mambo ya wote. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifungua milango 1989 katika roho hiyohiyo. Uwanja wa ndege wa Rughenda uliuunganisha mji na nchi ambayo barabara zake zilikwishakufa. Wafanyabiashara waliunda pia kampuni ya SENOKI kwa matumaini ya kuleta umeme. Wakati wa vita, waasi wa RCD-K/ML wakiwa na makao yao Beni, waagizaji wakubwa walilipa ushuru kabla mzigo haujafika, wakapunguziwa kiwango. Fedha iliingia haraka kwa wenye bunduki, na mzigo ukaingia kwa bei nafuu kwa wenye maduka. Mji ukaendelea kukua vita ikiwa inaendelea.

Mzigo unaoingia, chakula kinachotoka

Biashara ya leo bado inategemea uzi mmoja mrefu. Kontena linashuka Mombasa, linapita Kenya na Uganda kwa Ushoroba wa Kaskazini, linafika Mpondwe, linavuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Kilomita hizo 134 za mwisho ndizo zinazoweza kula faida yote. Mvua ikinyesha, lori hulala matopeni. Barabara ikiwa na hatari, magari husubiri msafara wa askari, na kila siku ya kusubiri ina bei yake: posho ya dereva, mazuti, na mteja aliyekwenda kununua kwa mwingine.

Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walikutana mpakani kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223. Sehemu hizo mbili zimo ndani yake, pamoja na ile ya Bunagana hadi Goma. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi, Bulengera sasa iko ndani ya soko moja na Nairobi na Dar es Salaam. Barabarani, kazi imekwenda polepole, na usalama umekuwa ukiikatiza.

Kinachotoka hutazamwa kidogo kuliko kinachoingia, ingawa ndicho kinacholisha watu wengi zaidi. Milima ya Lubero hutoa viazi, maharagwe, mashu (kabichi), vitunguu na hata ngano. Upande wa Beni hutoa kakao na kahawa. Misitu ya Ituri na magharibi ya Lubero hutoa mbao zinazokwenda mpaka Uganda na Kenya. Butuhe, jirani ya mji, kuna chai. Mama anayepanga mashu barabarani Bulengera na tajiri anayeagiza nguo kutoka Guangzhou wanakutana kwenye jambo moja: lori linaloshuka na bidhaa za tajiri ndilo linalohitaji mzigo wa kurudi nao.

Jumla hulipwa kwa dola, rejareja kwa faranga, na karibu na mpaka shilingi ya Uganda hupokelewa bila swali. Noti kubwa kuliko zote ya Kongo ni ya faranga 20,000, kwa hiyo anayenunua magunia kwa faranga hubeba fedha kwa mfuko. Noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni hurudishwa kama yai bovu. Ndiyo sababu M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimeingia mpaka kwenye meza ya mama wa samaki. Kwa wasiofika benki kuna AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana vyenye sanduku lenye kufuli, ambavyo hugawana akiba mzunguko ukiisha.

Kalenda ya soko

Anayetaka kujua kitakachouzwa mwezi ujao Bulengera asikilize matangazo. Mlolongo rasmi huanza kwa mkuu wa komini, wenyeji humwita bourgmestre, kisha hushuka kwa chefu wa kartie, kwa chefu wa avenyu, hadi kwa mkuu wa nyumba kumi anayebisha hodi. Mlolongo wa pili ni wa kanisa: padri au mchungaji akimaliza ibada, husomwa matangazo, na jioni shirika hukutana na kuyajadili upya. Wa tatu ni wa redio, iwe Radio Moto ya jimbo la Kikatoliki, Radio Okapi iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa 2002, au stesheni ndogo za mji zinazosoma vifo, vitu vilivyopotea na mauzo ya viwanja kwa malipo. Wa nne ni wa mabunge ya kusimama, kama Véranda Mutsanga na lile la Furu, ambako vijana huchambua mambo ya mji wakiwa wamesimama, na hapo bei ya unga hupata majibu ya kisiasa.

Kila tangazo lina biashara yake. Salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ikitangazwa, maduka hufungwa mpaka mitaro izibuliwe, lakini muuza majembe amekwishauza jana yake. Mwanzo wa Septemba shule hufunguliwa, na wiki mbili kabla yake cherehani hazilali, madaftari hupanda bei, na mbuzi huuzwa kwa hasara ili ada ipatikane. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure katika shule za umma 2019, lakini sare, viatu na ada za sekondari bado zinamsubiri mzazi. Desemba ni ya harusi, saruji na mabati, kwa kuwa waliochuma mwaka mzima hutaka kufunga mwaka wakiwa chini ya paa. Kipaimara, komunyo na kupewa daraja kwa mapadri hujaza kumbi, na muuza pombe ya kasiksi huulizia tarehe hizo mapema kuliko wazazi.

Habari ya mazuti ina kasi kuliko zote. Fununu kwamba magari ya mafuta yamekwama Kasindi ikitoka asubuhi, mchana chupa za kadafi, wauza mafuta wa kando ya barabara, zimekwishapanda. Motari, dereva wa pikipiki, naye anapandisha nauli, na mboga inafuata. Fununu hiyo ikija kugundulika kuwa ya uongo, bei hushuka taratibu kuliko ilivyopanda.

Habari mbaya na bei yake

Mji huu umelipa gharama kubwa kwa habari zilizopotoka. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliua watu 2,287, na maeneo ya afya ya Butembo na Katwa yalikuwa kati ya vituo vyake vikali. Uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, na wengi wakaamini ugonjwa ni hila ya kuwanyima kura. Februari 2019 vituo vya tiba vikachomwa. Fedha za misaada zilimiminika, nyumba na magari ya kukodi yakapanda bei, na aliyekosa sehemu yake akaamini kwamba kuna wanaonufaika na vifo. Sehemu ya hayo ilianzia kwenye tangazo lililotolewa bila kueleweka.

Ville morte nayo ina hesabu yake. Aprili 2021 mji ulifungwa kwa siku kadhaa kupinga mauaji ya Beni na kudai kikosi cha Umoja wa Mataifa kiondoke. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini mwenye depo alikuwa na ghala la kumvusha, na muuza mashu aliyaona yakinyauka. Gharama ya msimamo wa mji mzima huangukia zaidi wale wanaokula walichouza siku hiyohiyo.

Tangu 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamesogea hadi sekta ya Bapere, upande wa Manguredjipa, kunakotoka mbao, mchele na mafuta ya mawese. Kanyabayonga, kusini, ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024, na Goma Januari 2025. Utawala wa jimbo ukahamia Beni. Kwa mfanyabiashara wa Bulengera maana yake ni kwamba njia ya kusini imekuwa mashaka, familia zilizokimbia zimepangishwa kila chumba, na njia ya Kasindi imebeba uzito wote. Wenye nyumba wamepata wapangaji, na wenye maduka wamepata wateja wasio na fedha.

Tangazo lisilosomwa

Hapa linakuja swali la komini yenyewe. Sheria ya Oktoba 2008 inaitambua kama chombo cha kujitawala, chenye baraza la madiwani na kamati ya utendaji ya mkuu wa komini, msaidizi wake na mashefini wawili. Ina haki ya mapato yake, na patente (leseni ya biashara ndogo) na kodi ya soko ni sehemu ya hayo. Katiba ya 2006 inasema 40% ya mapato ya taifa ibaki jimboni, na sheria inatoa 40% ya sehemu hiyo kwa miji, komini, sekta na uchifu. Kwa kila faranga 100, basi, faranga 16 zingegawanywa chini, na Bulengera ingekuwa mezani. Kilio cha komini za Kongo kwa miaka mingi ni kwamba mgao huo hufika pungufu au haufiki.

Kazi ya kudai mgao huo, kupitisha bajeti na kusikiliza hesabu ni ya madiwani. Bulengera haina madiwani waliochaguliwa. Uchaguzi wa Desemba 2023 uliruhusu kura za madiwani katika miji mikuu ya majimbo tu, na Butembo si mmoja wao. Juu ya hilo, hali ya kuzingirwa (état de siège) iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 ilimkabidhi afisa wa polisi kiti cha meya wa mji. Basi mwenye meza sokoni hulipa, hupewa kitikiti, na njia ya kisheria ya kuuliza fedha ilikwenda wapi imefungwa.

Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kujaza pengo kama hilo kwa mchango. Uzoefu huo ndio fahari ya mji, na pia ndio udhaifu wake, kwa sababu anayelipa mara mbili, kodi kwa komini na mchango kwa mtaro, huacha taratibu kuuliza ya kwanza. Kalvati ikijengwa kwa mchango, kila mtu anajua nani alitoa saruji na nani alitoa mawe. Ile ya kodi haina kumbukumbu ya namna hiyo mtaani.

Dawa ya kwanza haihitaji mfadhili wala uchaguzi. Komini iliyoweza kutangaza salongo mpaka nyumba kumi ya mwisho inaweza kutangaza, kwa njia hiyohiyo, imekusanya kiasi gani katika miezi mitatu na imefanyia nini. Karatasi moja mlangoni, tangazo moja baada ya misa, dakika tano redioni. Mama wa mashu anayetoa faranga zake kila asubuhi asikilize tangazo hilo, na asipolisikia, aliulizie kama anavyoulizia bei ya mazuti.