Vitwitwi wa Siberia kwenye Chumvi ya Gendabi

Mtazama ndege wa pwani, awe Kunduchi au hori la Mida kule Watamu, huuliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Huku Gendabi, chini ya Mlima Hanang, swali hilo halina kazi. Ziwa Balangida halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa mvuke tu na kuacha chumvi, ile ile ambayo wenyeji huikusanya na kuiuza. Ukingo wa maji husogea kwa mvua na jua, si kwa mwezi, nao ndege huufuata, maana chakula kimo kwenye tope bichi.

Kati ya Agosti na Aprili, kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa hujaa vitwitwi wadogo waitwao kitaalamu Calidris minuta. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, na ameanguliwa kaskazini kabisa, hadi Siberia. Kinachomhamisha ni njaa zaidi ya baridi: ardhi ikiganda, wadudu hawafikiki.

Usihangaike na rangi. Miezi hii karibu wote ni kijivu na kahawia, na kitabu chenye picha kitakuchanganya tu. Tazama mdomo na ulaji. Huyu mdogo hukimbiakimbia akidonoa juu juu. Mwenzake Calidris ferruginea ana mdomo mrefu uliopinda chini. Huingia majini hadi tumboni na kuchokoa. Mwezi Aprili, kabla ya kuondoka, kifua chake hugeuka chekundu kama tofali, na hapo hata mgeni hamkosi.

Heroe ni habari nyingine. Wengi hudhani nao wametoka Ulaya, kumbe heroe mdogo ni wa hapa hapa: huzaliana Ziwa Natron na kuhamahama kutafuta vijimea vya maji ya magadi, anavyovichuja kichwa kikiwa chini juu.

Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza 1967, hufanyika Januari kwa sababu wageni wametulia. Nawe chagua mwezi huo. Fika alfajiri, jua likiwa mgongoni, kabla mazigazi hayajaharibu darubini. Usiwakurupushe: kila wanaporuka huchoma mafuta ya safari. Na usiamini ganda la chumvi, chini yake ni tope. Pita wanapopita wachimba chumvi.