Benki ya Chakula: Safari ya Ziada kutoka Sokoni hadi Sufuriani

Jua likikaribia kutua, wauzaji sokoni huanza kufunika bidhaa zao. Kwenye meza ya mama mboga husalia nyanya zilizoanza kulainika, sukuma wiki iliyonyauka kidogo na ndizi zenye madoa. Kesho wateja watazipita. Zikilala hapo zitaoza, na zikibebwa nyumbani familia moja haiwezi kuzimaliza. Nyingi huishia kwenye lundo la taka nyuma ya soko. Jioni hiyo hiyo, pengine mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo, kuna nyumba ambamo chai ya rangi ndiyo chakula cha usiku.

Kinachotenganisha nyanya hizo na nyumba hiyo ni maswali manne. Nani atachagua zilizo nzima? Zitabebwa na nini? Zitahifadhiwa wapi usiku huo? Na itajulikanaje ni nani anayezihitaji zaidi? Benki ya chakula huundwa ili maswali hayo yapate majibu kila siku, bila kungoja msimu wa ukame wala kampeni ya kuchangisha.

Benki ya chakula ni nini?

Benki ya chakula ni ghala lenye utaratibu. Hupokea chakula cha ziada ambacho bado ni salama kutoka kwa wakulima, wauzaji, maduka, viwanda na familia, kisha hukipanga na kukigawa bila malipo. Mara nyingi haigawi moja kwa moja kwa mtu mmoja mmoja. Hupitishia chakula kwa vituo ambavyo tayari vinawajua wenye shida: shule, makao ya watoto, makanisa na misikiti, vikundi vya wazee na vituo vya watu wenye ulemavu.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini chakula huoza. Hapo ndipo benki hii hutofautiana na ile ya pesa. Kadiri mchicha unavyokaa ghalani ndivyo thamani yake inavyoshuka. Kwa hiyo sifa ya benki ya chakula haitokani na wingi wa magunia yaliyorundikwa ndani. Hutokana na kasi ya chakula kuingia na kutoka kikiwa bado kizima.

Vilevile haichukui nafasi ya msaada wa dharura. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hufuatilia hali katika kaunti 23 kame na nusu kame na kutoa taarifa kila mwezi. Ukame uliofuatia misimu mitano ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili, na kufikia mwisho wa 2022 Wakenya takriban milioni 4.4 walikuwa na uhaba mkubwa wa chakula. Janga la ukubwa huo huhitaji serikali na mashirika makubwa. Benki ya chakula huhudumia njaa ya kila siku, ile isiyotangazwa redioni, ambayo huingia nyumbani mwa kibarua aliyekosa kazi wiki mbili au nyanya anayelea wajukuu watano.

Wazo lilikotoka

Benki ya chakula ya kwanza inayojulikana ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani. John van Hengel alikuwa akijitolea katika jiko la kanisa lililolisha maskini, na alikuwa na mazoea ya kukusanya matunda yaliyoachwa mitini ili kulisaidia jiko hilo. Mama mmoja mwenye watoto kumi alimweleza kwamba alikuwa akiwalisha kwa chakula kizuri alichokiokota katika mapipa ya taka nyuma ya duka. Alisema ingefaa pawepo mahali pa kuweka chakula kisichotakiwa, ili anayekihitaji aende kukitoa kama mtu atoavyo pesa benki. Kanisa la St. Mary's likatoa dola 3,000 na jengo lililokuwa halitumiki. Katika mwaka wa kwanza benki hiyo iligawa zaidi ya tani 100 za chakula.

Tangu hapo wazo hilo limeenea. Mtandao wa kimataifa wa The Global FoodBanking Network ulianzishwa mwaka 2006, na nchini Kenya mwanachama wake ni shirika la Food Banking Kenya. Kazi yake kubwa ni kuokoa mboga na matunda mashambani na kwenye vituo vya kupakia mazao, kisha kuyafikisha kwa shule, makao ya watoto na jamii zenye uhitaji.

Mazao hayo hayana kasoro ya ladha wala ya afya. Mishiri, yale maharagwe machanga ya kuuzwa ng'ambo, hukataliwa kwa sababu yamepinda au yamezidi urefu unaotakiwa. Mwezi Februari 2013, makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, yaliyoko Gigiri, yaliandaa karamu ya mamia ya wajumbe kwa mazao ya Kenya yaliyokuwa yamekataliwa na masoko ya Ulaya kwa sababu ya sura yake tu. Takriban kilo 1,600 zilikusanywa kwa ajili ya karamu hiyo na kwa vituo vya hisani.

Upotevu hauishii shambani. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kwa wastani kila Mkenya hutupa kilo 99 za chakula nyumbani kwa mwaka, maganda na mifupa ikiwemo. Hata nusu yake ikiwa ni maganda, kinachobaki bado ni zaidi ya nusu gunia kwa kila mtu.

Chakula kinavyopita ghalani

Kazi huanza kwa kupokea. Kila mzigo hupimwa na kuandikwa: nini kimeletwa, kilo ngapi, kutoka kwa nani, tarehe gani. Kisha huchambuliwa. Nyanya iliyopasuka hutengwa na nyanya nzima. Pakiti ya unga iliyotoboka au kulowa hutolewa kando. Kisichofaa kuliwa na binadamu huenda kwa mifugo au kwenye shimo la mbolea, isipokuwa nafaka yenye ukungu, ambayo hata mifugo haipaswi kupewa.

Baada ya hapo ni kuhifadhi. Magunia hayawekwi sakafuni wala hayaegemezwi ukutani. Huwekwa juu ya vichaga vya mbao ili hewa ipite na unyevu usipande, na nafasi huachwa ili panya waonekane mapema. Dawa, sabuni na mafuta ya taa hayakai chumba kimoja na chakula. Kinachokaribia kuharibika ndicho kinachotangulia kutoka, hata kama kiliingia jana.

Mwisho ni kugawa. Kituo kinachopokea hutia sahihi na huahidi kutouza chakula hicho. Baada ya muda benki hukitembelea na kulinganisha kumbukumbu: je, kilo zilizotoka ghalani ndizo zilizofika jikoni?

Kosa lisilosamehewa

Kuna jambo moja ambalo benki ya chakula haiwezi kulifanyia mzaha. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalileta sumu ya aflatoksini katika eneo la Ukambani, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 walithibitishwa kuugua, na 125 kati yao wakafariki. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa hayajakauka vizuri.

Aflatoksini haiishi kwa kuchemsha, na haionekani kwa macho. Ndiyo maana kiwango kinachokubalika cha unyevu katika mahindi ni asilimia 13.5 au chini yake, na kipimo cha unyevu ni kifaa cha lazima kwa ghala lolote linalopokea nafaka. Mkaazi anayetoa gunia la mahindi mabichi kwa nia njema anaweza kuwadhuru wale wale anaotaka kuwasaidia. Kanuni rahisi ni hii: kisichofaa watoto wa anayetoa hakifai watoto wa anayepokea.

Vivyo hivyo kwa bidhaa za dukani. Mwenye duka hapaswi kungoja tarehe ya mwisho ipite ndipo akumbuke benki ya chakula. Akiondoa bidhaa rafuni wiki tatu au nne mapema, zitafika jikoni zikiwa bado halali na salama. Maafisa wa afya ya umma katika kaunti wanaweza kushauri iwapo kuna shaka yoyote.

Haba na haba

Watu wengi hudhani benki ya chakula husimama kwa misaada ya kampuni kubwa. Kampuni husaidia, lakini hesabu ya gorogoro inaonyesha uwezo wa kijiji. Gorogoro moja ya mahindi hubeba takriban kilo mbili. Nyumba 45 zikitoa gorogoro moja moja wakati wa mavuno, limepatikana gunia la kilo 90. Kwa kipimo kilichozoeleka katika mpango wa chakula shuleni cha gramu 150 za nafaka kwa mtoto, gunia hilo ni sahani 600. Shule ya chekechea yenye watoto 30 ingekula nalo siku 20 za masomo, yaani karibu mwezi mzima.

Mchango mwingine hauna uzito wa kilo. Dereva wa lori anayerudi kutoka soko kuu bila mzigo anaweza kupitia kituo cha kukusanya. Mwenye bodaboda anaweza kubeba kreti mbili. Mwalimu mstaafu anaweza kutunza daftari, na vijana kuchambua mboga Jumamosi asubuhi. Chama cha akina mama kinaweza kutoa sufuria kubwa na saa tatu za kupika. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao huingia nyumba hadi nyumba, wanaweza kueleza ni wapi jiko halijawashwa tangu juzi.

Hapa ndipo panapojaribiwa benki nyingi. Chakula cha jamii kikianza kuonekana kwenye rafu za duka la jamaa wa mwanakamati, michango hukauka katika wiki moja, na kuirudisha huchukua miaka. Kinga yake ni kazi ya kawaida isiyo na sifa: mizani iliyo wazi, daftari ambalo mkaazi yeyote anaweza kulisoma, wanakamati wasiopungua wawili kila ghala linapofunguliwa, na taarifa ya kilo zilizoingia na kutoka ikisomwa kwenye baraza kila mwezi.

Kinachosomwa barazani ni kilo. Majina ya familia zilizosaidiwa hayasomwi, na watoto hawapangwi foleni kupigwa picha na gunia. Mtu anayeona aibu kuchukua chakula atalala njaa hata ghala likijaa. Anayepokea leo huenda ndiye aliyetoa mavuno yaliyopita, na mvua ikimjalia atatoa tena.

Haki, na nafasi ya kaunti

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti majukumu yanayogusa suala hili kila upande: kilimo, masoko, shule za chekechea, udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula, na uzoaji taka. Tani ya mboga isiyofika jaani ni tani ambayo lori la taka halihitaji kubeba.

Benki ya chakula pekee haimalizi njaa. Haitengenezi barabara inayofanya maziwa yamwagike shambani, wala haimpi kibarua kazi. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba, wakati kazi hiyo kubwa ikiendelea, chakula ambacho tayari kimelimwa, kimenyweshwa na kuvunwa hakipotei huku jirani akilala na njaa.

Mkaazi anaweza kuanzia wapi?

• Mkulima: akaushe nafaka juu ya turubai, si juu ya udongo, na aombe kipimo cha unyevu kabla ya kutoa. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwelekeza.

• Muuzaji sokoni: atenge kreti moja ya mazao mazima yasiyouzika, na akubaliane na wenzake saa moja ya kuyakusanya kila jioni.

• Mwenye duka: akague tarehe za bidhaa kila wiki na aondoe mapema zile zisizotoka.

• Kikundi au kituo: kianze na daftari na mizani kabla ya kutafuta jengo. Ghala dogo lenye hesabu safi hupata wachangiaji kuliko kubwa lisilo na kumbukumbu.

• Familia: ipike kwa kipimo, na iweke gorogoro moja kando wakati wa mavuno.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kreti moja ya nyanya ikichambuliwa jioni na kufika jikoni kabla ya usiku, nyumba iliyokuwa na chai ya rangi pekee itakuwa na mchuzi.