Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Viza na Ada za Masomo Nje ya Nchi

Barua ya udahili kutoka chuo cha nje ikifika kwetu Nyamigogo, na siku hizi inafikia kwenye simu ya mtoto mwenyewe, hesabu ya kwanza inayofanyika nyumbani ni ya mali. Ng'ombe wangapi wapo, kahawa iliyobaki stoo itafikisha bei gani, mjomba aliyeko Mwanza ataongeza nini. Hesabu hiyo ni ya haki, maana ada ni kubwa. Ila katika kazi yangu ya kuwasaidia vijana wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kupanga makaratasi yao, nimeona wengi wakikwama ilhali fedha wanazo. Wamekwama kwa sababu fedha ilitoka mapema mno, au iliingia benki siku isiyofaa, au ilikaa kwenye akaunti ya mtu ambaye ubalozi haumtambui. Kwa hiyo leo nazungumzia mpangilio: kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Kinachotangulia fedha zote ni utambulisho. Pasipoti zetu ni za kielektroniki tangu Januari 2018, zinadumu miaka 10, na ya kawaida inagharimu shilingi 150,000. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha mwombaji anakwenda Uhamiaji na cheti chake cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachokaa badala yake, picha, na barua inayoonyesha sababu ya safari. Kwa kijana wa Dodoma au Morogoro hatua hii inaweza kuisha upesi. Kwetu sisi wa mpakani hapa ndipo muda unapopotelea.

Sababu yake ni historia ya eneo letu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco, huku Ngara, ikawa kambi ya wakimbizi kubwa kuliko miji mingi ya mkoa. Wakimbizi wa Burundi nao wameingia kwa mawimbi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita. Tangu hapo, mtu wa wilaya hizi akiomba kitambulisho cha taifa au pasipoti huulizwa maswali ambayo mwenzake wa Pwani haulizwi: babu alizaliwa kijiji gani, amezikwa wapi, nani wa ukoo bado anaishi hapo. Maswali haya yanaumiza, na naamini yanastahili kuulizwa kwa heshima zaidi ya inavyofanyika. Lakini yapo, na dawa yake ni kujiandaa. Cheti cha mzazi kitafutwe mapema. Barua ya mtendaji wa kijiji iandikwe na mtu anayeijua familia kweli, itaje kitongoji na majina ya wazee. NIDA husajili kuanzia miaka 18, kwa hiyo mtoto anayefikisha umri huo akiwa kidato cha tano aende wakati huo huo. Asisubiri matokeo ya kidato cha sita.

Angalieni majina pia. Kanda yetu inaandika R na L kwa kubadilishana: cheti cha kuzaliwa kinasema Rukiza, cheti cha kidato cha nne kinasema Lukiza, NIDA wameandika la tatu. Kwa afisa wa viza aliyekaa Pretoria au New Delhi hao ni watu watatu. Kuna pia jambo la wilaya. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, ikawa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Aliyezaliwa upande huo kabla ya mabadiliko anaweza kuwa na cheti kinachotaja Kagera na kitambulisho kinachotaja Geita. Tofauti ya namna hii inaelezeka kwa kiapo cha wakili, mradi kiapo kiwepo kwenye faili kabla hujaulizwa.

Sasa fedha. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba ziko za aina mbili: fedha ya kulipa na fedha ya kuonyesha. Ya kulipa inatoka na hairudi. Ya kuonyesha inabaki yako, lakini inapaswa kuonekana benki, kwa kiasi kilichowekwa na kwa muda uliowekwa, ili nchi unayokwenda iamini kwamba mtoto hatakosa chakula na kodi ya chumba.

Nichukue Uingereza kwa mfano, kwa kuwa masharti yake yameandikwa wazi kwa tarakimu. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi akiwa nje ya nchi hiyo iliwekwa kuwa pauni 524 Aprili 2025. Juu yake kuna tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hutozwa mwaka na nusu, yaani pauni 1,164, kwa sababu viza hutolewa kwa miezi kadhaa zaidi ya masomo. Kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mtanzania anatakiwa kukifanya kwenye kliniki iliyoidhinishwa jijini Dar es Salaam, na cheti chake kinadumu miezi 6. Hizo zote ni za kulipa. Kisha inakuja ya kuonyesha: ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujalipa, pamoja na gharama za kuishi kwa miezi isiyozidi 9. Tangu Novemba 2025, gharama hizo zinahesabiwa pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na 1,171 kwa anayesoma kwingine. Kwa miezi 9 nje ya London ni pauni 10,539, zaidi ya shilingi milioni 30.

Fedha hiyo lazima ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita siku 31 kabla ya kulipia ombi. Kama iko kwa shilingi, wao wanaibadilisha kwa kiwango cha tovuti ya OANDA cha siku ya ombi. Shilingi ikiteleza kidogo wiki hiyo, aliyeweka kiasi kile kile bila ziada anajikuta chini ya mstari. Ongezeni akiba juu yake.

Na ni akaunti ya nani? Hapa ndipo mila zetu na kanuni zao zinapogongana. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo: baba mdogo, shangazi, mjomba mwenye duka Kahama. Kanuni ya Uingereza inakubali akaunti ya mwombaji mwenyewe, ya mzazi, ya mlezi wa kisheria, au ya mwenzi wake wa ndoa. Akaunti ya mjomba haihesabiwi, awe na mamilioni mangapi. Shamba halihesabiwi, wala ng'ombe, wala mafao ya kustaafu. Kama mjomba ndiye mfadhili, ahamishe fedha kwenye akaunti ya mtoto au ya mzazi, kisha siku 28 zianze kuhesabiwa. Ikiwa ni ya mzazi, kwenye faili kiwepo cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uzazi huo na barua ya mzazi ya kuridhia.

Uingereza inahesabu siku. Balozi nyingine nyingi zinauliza asili ya fedha, na swali hilo ndilo linalowanyima viza watu wetu. Chukua mzazi ambaye akaunti yake ya NMB au CRDB imekuwa na laki mbili, laki tatu, mwaka mzima. Anakwenda mnadani, anauza ng'ombe kumi na tano, Jumatatu anaweka milioni zote, Jumatano mtoto anachapisha taarifa ya benki na kuipeleka. Afisa anaona tu fedha iliyoanguka kutoka mbinguni. Anadhani imeazimwa kwa ajili ya kuonyeshwa na itarudishwa wiki ijayo. Haijui biashara ya ng'ombe, wala hakuna karatasi ya kumweleza. Uzeni kidogo kidogo kwa miezi sita au zaidi, wekeni benki kila mara, na tunzeni kila stakabadhi ya mnada na ya ushuru. Mkulima wa kahawa wa Ngara anayelipwa kupitia chama cha msingi moja kwa moja benki ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, kwa sababu kila msimu wa mauzo umeacha alama kwenye akaunti yake. Tajiri wa mifugo asiye na alama hizo anaweza kukataliwa, mwenye kahawa akapita.

Kulipa ada yenyewe nako kuna mtego wake. Fedha ikitoka benki ya Tanzania kwenda chuo cha nje kupitia mfumo wa SWIFT, mara nyingi hupitia benki nyingine katikati, na kila moja inaweza kukata chake. Chuo kinadai dola 3,000, zinafika 2,975, na mfumo wa chuo unamwandika mwanafunzi kuwa na deni, hivyo hati ya kuombea viza haitoki. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya kuchagua nani anabeba makato: herufi OUR maana yake anabeba mtumaji, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Kwa ada ya chuo chagueni OUR, ingawa benki yenu itawatoza zaidi siku hiyo. Namba ya mwanafunzi iandikwe kwenye maelezo ya malipo, la sivyo fedha itakaa wiki kadhaa haijulikani ni ya nani. Nakala ya uthibitisho wa SWIFT ombeni hapo hapo dirishani.

Kabla ya kutuma hata senti, someni sharti la kurejeshewa fedha. Je, viza ikikataliwa, chuo kinarudisha malipo ya awali? Kinakata kiasi gani? Uingereza hurudisha tozo ya afya viza ikikataliwa, lakini ada ya ombi hairudi. Na hakikisheni mlango uko wazi. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwemo. Mtu asilipe dola 350 za usajili wa SEVIS, mfumo wa Marekani wa wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza kabla ya kuthibitisha na ubalozi kama viza hizo zinatolewa.

Kuhusu mawakala, nina msimamo mkali. Wapo waaminifu, wengine wanalipwa na vyuo na hawamtozi mwanafunzi chochote. Lakini ada ya chuo haipiti mfukoni mwa wakala. Inakwenda kwenye akaunti yenye jina la chuo, basi. Malipo ya serikali yetu yana namba ya malipo, ile kontrol namba, na hayapokelewi kwenye simu ya mtu. Na wakala aliyeko Tanzania anayedai alipwe huduma yake kwa dola anavunja kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 2025, zinazotaka huduma za ndani zilipwe kwa shilingi.

Mara nyingi wazazi wakishasikia haya yote huniuliza kama hakuna njia nafuu. Ipo, na iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine kusoma bila kulipia kibali cha mwanafunzi. Anayekwenda Kigali anavukia Rusumo, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Aprili 2016. Anayekwenda Kampala anapitia Mutukula. Hakuna siku 28 wala kipimo cha kifua kikuu. Kinachotakiwa ni hati ya kusafiria, barua ya chuo, na kuomba kibali ndani ya siku 30 za kuingia. Vyuo kama Makerere havina sababu ya kuonewa haya, na sielewi kwa nini familia inayoweza kumudu Kampala inajifilisi kwa chuo kisichojulikana Ulaya eti kwa sababu kiko Ulaya.

Popote mtakapochagua, chuo kithibitishwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo inayotambua shahada za nje mhitimu anaporudi kutafuta kazi. Shahada wasiyoitambua haitampa ajira serikalini. Na wenye mtoto aliyeko kidato cha tano au cha sita mwaka huu, nawaomba: cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA vishughulikiwe mwezi huu huu, na akaunti ya benki ya mtoto au ya mzazi ianze kupokea fedha sasa, hata kama ni elfu hamsini.